Can, must na should pamoja na maneno ya wakati: kwa wanaoandikia wageni kwa Kiingereza

Mwongozo huu ni wa watu wa mapokezi, boti na teksi. Kwamba kitenzi kinachofuata can, must, should na might hakichukui to wala -ed, hilo mnalijua.

Hatua ya 1. Geuza saa. Saa moja asubuhi ni 7 a.m.

Hatua ya 2. Neno la wakati liweke mwishoni: "You should bring sandals tomorrow." Mwanzoni pia panafaa, lakini "You should tomorrow bring" haiandikwi.

Hatua ya 3. Tenga by na until. "You must be at the jetty by 7 a.m.": akifika 6:40 ni sawa, akichelewa ameachwa. Ukiandika until, mgeni ataelewa kuwa akae hapo hadi saa moja kisha aondoke zake.

Hatua ya 4. Yesterday, last night, two days ago. Hapa ndipo wengi hukwama.

"Yesterday we must wait for high tide" ni kosa. Andika "had to wait". Must have ipo, lakini ni ya kukisia: "The boat must have left an hour ago", yaani bila shaka imeshaondoka.

Could ina mitego zaidi. Kwa uwezo wa jumla wa zamani haina tatizo: "Ten years ago you could park here all day." Kwa jambo moja lililofanikiwa siku moja, iache: "Yesterday we managed to reach Mnemba" (kisiwa). Was able to nayo ni sahihi, ila managed to ndiyo bora, maana inaonyesha kuwa bahari ilikuwa na kazi. Ukikanusha, couldn't inatosha. See na hear hazifuati sharti hili: "We could see dolphins yesterday morning" ni sawa kabisa. Tena angalia, "We could have reached Mnemba" maana yake mliweza lakini hamkufika. Mgeni aliyelipa akisoma hivyo atadai pesa zake. Na "You should have called last night" ni lawama, usimtumie mteja.

Hatua ya 5. Kesho. Will can haipo. Mkipatana sasa: "We can leave at 6 a.m. tomorrow." Ikiwa uwezo unangoja hali: "We will be able to cross when the wind drops." Mvua ipe might tu: "It might rain this afternoon."