Kusakinisha faili za wasanidi programu kwenye kompyuta zisizo na intaneti

Mwalimu wa shule moja wilayani Mpwapwa alinipigia simu nikiwa Dodoma: “Fundi, kila nikisakinisha ile maktaba uliyotuachia, inaniambia Python.h haipo.” Maktaba hapa ni msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie. Kompyuta zake 12 zilikuwa na Ubuntu, na Python ilifanya kazi bila tatizo. Kilichokosekana ni faili za vichwa, zile zinazoishia na .h, ambazo kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) huzisoma inapojenga maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C.

Mifumo ya Linux hutofautiana hapa: Debian na Ubuntu huzitenga katika vifurushi vya programu (si vya intaneti) vyenye jina linaloishia na -dev, Fedora hutumia -devel, ilhali Arch Linux huziacha ndani ya kifurushi kilekile cha maktaba. Kwa seva au kompyuta ya mhasibu, utengano huo naukubali. Kwa maabara ya wanafunzi, ambako bando hutoka mfukoni mwa mwalimu, naona Arch ndio waliopatia, kwa hiyo siku hizi nazisakinisha siku ileile ninapoweka mfumo endeshi.

Hatua ya kwanza: tambua kifurushi. Python.h huja ukisakinisha python3-dev, na libpq-fe.h (ya hifadhidata ya PostgreSQL) imo katika libpq-dev. Kwa nyingine, tumia apt-file search.

Hatua ya pili: pakua. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima na nauli ya basi. Nilipakua kwa kompyuta mpakato yangu, nikabeba flashi hadi Mpwapwa, na usakinishaji ukagoma. Amri ya kupakua huleta tu vifurushi ambavyo kompyuta inayopakua haina, na yangu, iliyokuwa imesasishwa, ilikuwa na libc6 (maktaba ya msingi ya lugha ya C) mpya tayari, hivyo haikuileta. Kumbe libc6-dev, kifurushi cha vichwa vyake, hudai libc6 ya toleo lilelile hasa, si la karibu, na zile za shule zilikuwa na la zamani. Kwa hiyo pakua kwa kutumia mojawapo ya kompyuta za maabara yenyewe, ukiiunganisha na intaneti ya simu, mradi zote ziliwekwa mfumo kwa flashi moja na hakuna iliyosasishwa baadaye:

sudo apt-get clean
sudo apt-get update
sudo apt-get install --download-only build-essential python3-dev

Faili za .deb, yaani vifurushi vyenyewe, zitakuwa katika /var/cache/apt/archives. Zinakili zote, hata zile ambazo majina yake huyatambui. Mimi hutumia apt-get badala ya apt, kwa sababu apt hufuta faili hizo baada ya kusakinisha.

Hatua ya tatu: katika kila kompyuta, ingia kwenye folda ya flashi, kisha andika:

sudo apt-get install ./*.deb

Hatua ya nne: andika python3-config --includes. Ikijibu kwa njia inayoanza na -I/usr/include/python3, mwalimu anaweza kurudia kusakinisha maktaba yake.