Fundisha batoto sayansi kwa kuchora picha, anzia ku Nyiragongo, mulima wa moto wa karibu na Goma

Balimu na bazazi ba Goma, mbele ya kuandika somo ku tablo, patia batoto kaye na kreyo, ubaambie bachore Nyiragongo kama vile imekatwa katikati. Karibu bote batachora moto unamwagika kule juu kabisa, usibafutie! Baulize kwanza: mu 2002 na mu 2021, wakati mulima ulilipuka, lava (mawe yaliyoyeyuka juu ya moto mukali) ilitokea wapi? Bakubwa kwa nyumba banajua, ilipitia mu nyufa za mbavuni mwa mulima, haikumwagika toka juu. Basi baongeze zile nyufa, na mishale ya kuonesha lava inatoka wapi inaenda wapi, na kila mushale uandikwe jina, juu mushale bila jina hausemi kitu. Hapa usikimbize, hapa njo mutoto anafikiri kweli. Rangi si lazima, hata makala inatosha. Kisha aeleze benzake akionesha na kidole, bamuulize "hii ni nini, na juu ya nini iko hapa?" Akikwama arudilie mchoro.

Kesho yake kila mutoto alete kajiwe keusi ka lava, yako kila fasi hapa, achore vile vitundu vyenye gesi iliacha wakati lava inaganda, apime kimoja na rula, aandike kipimo pembeni.