Somo: Kujiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito ukiwa na wenzako, kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Somo hili ni kwa ajili ya wanakikundi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ambao wameshauriwa na daktari kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, pamoja na wale wanaoufikiria na bado hawajaamua. Ninaliandika nikiwa mgonjwa mwenzenu niliyepita njia hiyo, na kwa sababu hiyo panapohusu dozi, vipimo na uamuzi wa kupasuliwa, neno la mwisho ni la daktari wako. Hata hivyo, yapo mambo mengi ambayo daktari hawezi kuyamaliza katika muda mfupi wa kliniki, na hayo ndiyo aliyetangulia huyajua vizuri. Ninasisitiza kwamba mwenza wa namna hiyo atafutwe kabla tarehe haijapangwa, kwa kuwa mtu aliyetoka chumba cha upasuaji, mwenye maumivu na anayekunywa maji kwa kijiko, hana tena nafasi ya kuanza kujifunza.

Hatua ya kwanza: jua kama upasuaji unakuhusu

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.62 atapata uwiano wa takribani 42. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye uwiano wa 35 na kuendelea, na inaruhusu ufikiriwe kwa mwenye uwiano kati ya 30 na 35 ikiwa ana maradhi kama kisukari cha aina ya pili. Ukiwa chini ya hapo, usikubali kushawishiwa na mtu yeyote.

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takribani robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa, na kinachobaki huwa chembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, kiasi kwamba chakula huruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Puto linalowekwa tumboni kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi kadhaa ni tiba nyingine kabisa, ingawa wengi wetu huichanganya na upasuaji. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kampasi ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, imekuwa ikitoa huduma za kupunguza uzito, zikiwemo za puto na za upasuaji, na wengi wa kanda yetu huelekezwa huko.

Hatua ya pili: tafuta mwenza aliyetangulia

Mwenza anayefaa ni yule aliyefanyiwa upasuaji wa aina ile ile unayotarajia na aliyekwisha kuvuka mwaka mmoja. Aliye katika miezi mitatu ya mwanzo bado ana furaha ya kilo zinazoporomoka kila wiki, na hajafika mahali ambapo uzito husimama, nywele hupukutika na ngozi ya tumbo na mikono hulegea. Nywele kwa kawaida hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita kisha huota tena, lakini asiyeambiwa mapema hudhani kwamba ameharibiwa mwili.

Muulize mambo ambayo hayapo kwenye fomu ya hospitali. Ni chakula gani kilimkwama na alifanyaje? Nani alimpikia wiki ya kwanza? Alijibu nini alipoandaliwa sahani iliyojaa msibani? Je, kuna siku alijutia uamuzi wake, na ni nini kilimvusha? Ukimwuliza tu amepungua kilo ngapi, utaondoka na namba isiyokusaidia, kwa sababu umri, maradhi na mwili wenu havifanani.

Utafiti mwingi umeonyesha kwamba wanaohudhuria vikundi vya wagonjwa wenzao hupungua zaidi na kudumu na uzito mpya kuliko wasiohudhuria. Inawezekana kwamba wanaohudhuria ni wale wenye bidii tangu awali, lakini mimi naamini kikundi chenyewe huchangia, kwa maana nimeona watu waliokuwa wamekata tamaa wakirudi kliniki kwa sababu tu kuna mtu aliyewapigia simu.

Mipaka miwili izingatiwe. Mwenza hagawi dawa zake wala hapangi dozi ya mwingine. Pia yeyote anayeingia kikundini kuuza majani ya chai au vidonge vya kupunguza mwili aombwe kutoka. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo, katika nchi mbalimbali, zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu. Ikiwa umekwisha kutumia kitu cha aina hiyo, mwambie daktari bila aibu, kwani mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua.

Hatua ya tatu: kamilisha vipimo na useme ukweli wote

Utapimwa wingi wa damu, sukari ya wastani wa miezi mitatu, ini, figo na moyo, na mara nyingi kamera huingizwa tumboni kuangalia vidonda na bakteria wanaovisababisha. Omba nakala ya kila jibu na uziweke kwenye bahasha moja, kwa kuwa safari ya kutoka Makete kurudia kipimo kilichopotea ni ghali.

Mwambie daktari kama unakoroma sana na kushtuka usingizini ukiwa umekosa pumzi. Hapa ndipo mwenzi wa ndoa anasaidia, maana yeye ndiye anayesikia. Kukosa pumzi usingizini huongeza hatari ya nusu kaputi, na kukijulikana mapema kuna namna ya kukidhibiti. Sigara iachwe angalau wiki sita kabla. Dawa za maumivu ya magoti, hasa diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua dukani bila cheti, zitajwe zote, kwa sababu baada ya upasuaji, hasa ule wa kuunganisha utumbo, huweza kuleta vidonda vibaya. Itakupasa kuzoea parasetamoli.

Hatua ya nne: wiki mbili za kupunguza ini

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo ninayowasihi muifuate kikamilifu. Sehemu ya kushoto ya ini imelala juu ya mfuko wa chakula, na daktari anayefanya kazi kupitia matundu madogo lazima aiinue ili afike anapopataka. Kwa mtu mnene ini huwa limejaa mafuta, sukari iliyohifadhiwa na maji yanayoambatana nayo, hivyo huwa zito na rahisi kuvuja damu. Ukipunguza vyakula vya wanga kwa takribani wiki mbili, ini hutumia akiba yake na kusinyaa. Asiyefuata anaweza kufunguliwa tumbo kwa mkato mkubwa, au kurudishwa wodini bila kupasuliwa.

Hospitali itakupa kiwango chake, ambacho mara nyingi ni kati ya kilokalori 800 na 1,000 kwa siku. Kwa jiko la kwetu, maana yake ni kuweka pembeni ugali, wali wa Kyela, viazi, ndizi za Tukuyu, maandazi na sukari ya chai, kisha kutegemea mayai ya kuchemsha, mtindi usio na sukari, samaki, kuku asiye na ngozi, chainizi, kabichi na matango. Siku tatu au nne za mwanzo kichwa huuma na hasira huwa karibu, hasa mwezi wa Juni na Julai ambapo baridi ya Uyole na Njombe humsukuma mtu kwenye chai tamu na kiazi cha moto. Panga na mwenza wako akupigie jioni, kwa sababu jioni ndipo sufuria ya familia inapoepuliwa na harufu kujaa nyumba nzima.

Wiki hizo hizo zitumike kufanya mazoezi ya kula upya. Tumia kijiko cha chai na kisahani, tafuna hadi chakula kiwe uji, kisha weka kijiko chini kabla ya tonge linalofuata. Usinywe kitu wakati wa kula, na subiri nusu saa baada ya chakula ndipo unywe, kwa mafunda madogo. Aliyezoea kushushia kwa maji huona jambo hili gumu kuliko njaa yenyewe.

Hatua ya tano: andaa nyumba, fedha na safari

Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, yakionyesha kama vipimo, siku za kulazwa na matibabu ya dharura vimo ndani, na bima yako iulizwe nayo ijibu kwa maandishi. Katika hesabu hiyo ongeza vitamini na madini, yaani B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, ambavyo utavitumia maisha yako yote. Asiyeweza kumudu vidonge hivyo kila mwezi azungumze na daktari kabla ya kupasuliwa.

Safari ndiyo inayotutofautisha na wagonjwa wa Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na Iringa ni karibu 500. Hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kupanda mapafuni ni kubwa katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, na kukaa kwenye basi kutwa nzima huizidisha. Kwa hiyo tafuta ndugu wa kukaa kwake karibu na hospitali mpaka daktari akuruhusu kusafiri, na muulize kama utahitaji soksi za kubana au sindano za kuzuia mgando. Siku ya kurudi, mwambie kondakta mapema kwamba unahitaji kushuka na kutembea kila basi linaposimama, uchezeshe vifundo vya miguu ukiwa umekaa, na uwe na chupa ya maji ya kunywa kidogo kidogo.

Kabla ya kuondoka, hakikisha unajua ni nani wa kukuona hapa nyumbani mambo yakiharibika usiku, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya mkoa wako. Homa, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio bila kupoa, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba, au kutapika kusikokoma ni mambo ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, kabla ya kuuliza kikundi.

Maswali ya wanakikundi

Mama mmoja wa Uyole: Nina kisukari na ninatumia glibenklamaidi. Katika zile wiki mbili niache vidonge?

Jibu: Shikamoo mama. Usiache mwenyewe, na usiendelee na dozi ile ile bila kuuliza. Ukila kidogo huku dozi ikibaki kubwa, sukari inaweza kushuka ghafla ukatetemeka, ukatoka jasho na hata kupoteza fahamu. Nenda kliniki kabla ya siku ya kwanza ya mlo huo upangiwe upya, upime sukari mara nyingi zaidi, na uwe na glukosi karibu. Vivyo hivyo kwa wanaotumia insulini na dawa za presha.

Dada wa Njombe: Nikikonda watu watasema nina virusi. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, hofu yako ina msingi, kwa kuwa mkoa wako na jirani zake wana maambukizi ya juu kuliko wastani wa taifa, na macho ya watu yamezoea kusoma ugonjwa kwenye mwili uliopungua. Chagua kabla ya upasuaji watu wachache watakaojua ukweli wote, na uandae sentensi moja ya kuwajibu wengine, kwa mfano: "Nipo kwenye matibabu ya uzito, na ninaendelea vizuri." Huna deni la kumwonyesha mtu majibu ya vipimo vyako. Na ninakuomba usijibu kwa kuwabeza wanaoishi na VVU, maana wamo pia miongoni mwetu kikundini, na dawa zao ni miongoni mwa mambo ambayo daktari lazima ayapange upya.

Kijana wa Mafinga: Ulanzi je?

Jibu: Acha kabla ya upasuaji kwa muda utakaoambiwa, na baada yake usiguse katika miezi ya mwanzo. Pombe huingia kwenye damu haraka zaidi na kwa nguvu zaidi baada ya upasuaji huu, na wapo wanaoangukia ulevi ilhali zamani walikunywa kwa kiasi. Ikiwa kwa sasa huwezi kupita wiki bila kunywa, lieleze hilo kliniki kwanza.

Mwanakikundi wa Rungwe: Parachichi tunaambiwa ni chakula cha afya, kwa nini nimekatazwa?

Jibu: Ni chakula kizuri, lakini moja la ukubwa wa kati lina kilokalori zaidi ya 200, na yale makubwa ya kwetu yanazidi hapo. Katika mlo wa kilokalori 800 litakula sehemu kubwa ya hesabu yako bila kukupa protini ya kutosha. Litarudi baadaye kwa vipande vidogo.

Dada wa Iringa mjini: Nimetafuta mtoto kwa muda mrefu. Nifanye upasuaji kwanza au nisubiri?

Jibu: Uamuzi huo ni wako, mwenzi wako na daktari wa wanawake. Fahamu tu kwamba hushauriwa kutobeba mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na kwamba uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka, hata kwa aliyekuwa hashiki. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, hivyo ulizia njia nyingine mapema.

Baba wa Tunduma: Nasema wazi kwamba ninaogopa kufa mezani.

Jibu: Kaka, wengi wetu tuliogopa hivyo hivyo. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo vinavyotokana na upasuaji huu ni takribani mtu 1 kati ya 1,000, na kisukari au presha isiyodhibitiwa nayo ina vifo vyake. Muulize daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, ni matatizo gani aliyoyaona, kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi hapo hapo, na nani atakayekuangalia usiku wa kwanza. Nenda na mkeo au ndugu ayasikie majibu pamoja nawe. Usiporidhika, una haki ya kuahirisha, na nafasi yako kikundini itabaki ile ile.