Umeanza insulini na macho yamefifia? Miwani isubiri

Kijana mmoja, fundi cherehani wa Kibuye hapa Kisumu, alirudi kliniki siku ya tisa amekasirika. "Sista, kabla ya sindano nilikuwa naona. Sasa hata uzi hauingii kwenye tundu." Matatu ya mbali aliisoma vizuri, cha mkononi ndicho kilikuwa ukungu.

Insulini haikumharibu macho. Sukari ikikaa juu muda mrefu, hujaa hata ndani ya lenzi ya jicho. Ikishuka ghafla kwenye damu, ile iliyobaki kwenye lenzi huvuta maji na kuibadilisha umbo. Kwa wengi hutulia baada ya wiki chache.

Hatua ya 1: Pima sukari kila ukungu unapozidi. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L, kipimo cha mashine zetu), hiyo ni sukari kushuka. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Hatua ya 2: Linda dozi. Hapa ndipo mimi huogopa. Kwenye sindano inayobeba hadi yuniti 100 za insulini, kila kimstari ni yuniti 2. Kwenye ya yuniti 50, ni yuniti 1. Kemisti akikupa aina nyingine nawe uhesabu vimstari kwa mazoea, utajidunga maradufu au nusu. Vutia dawa dirishani mchana, weka karatasi nyeupe nyuma ya sindano, na mtu wa nyumbani ahakikishe kabla hujadunga. Lakini usiache insulini kwa sababu ya macho! Kwa kisukari aina ya kwanza, kuiacha kunaweza kukuua.

Hatua ya 3: Kama kazi haingoji, nunua miwani rahisi ya kusomea, ile ya kujaribu mwenyewe. Fundi wangu alivaa ya +1.50 akaendelea kushona. Pikipiki iache kwanza.

Hatua ya 4: Ukiona pazia jeusi, vimulimuli, madoa meusi mengi ya ghafla, maumivu, au jicho moja likizima, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huo si mchezo wa lenzi.

Hatua ya 5: Miwani ya kupimiwa ngoja hadi sukari itulie, karibu miezi miwili. Nimeona mama akilipia ya bei kali wiki ya pili. Kufikia wiki ya sita miwani hiyo ilikuwa ikimuumiza kichwa. Siku ya kupimwa, mwambie daktari wa macho tarehe uliyoanza insulini.