Somo: Jinsi ya kuchagua risasi za shotigani kwa uwindaji wa fezanti

Tangu msimu ulipofunguliwa hapa Iowa, Marekani, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, nimeulizwa swali lilelile kwa simu, kwa ujumbe na hata nje ya kanisa baada ya ibada: “Ninunue risasi gani?” Nimeamua kuliandikia somo mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Ninachukulia kwamba msomaji amekwisha kupata mafunzo ya uwindaji na leseni, kwamba ana kizibao cha rangi ya chungwa, na kwamba anajua kuwa fezanti (ndege wa porini wa jamii ya kuku) wanaoruhusiwa ni majogoo watatu tu kwa siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni.

Ninaposema risasi hapa, nina maana ya ganda zima pamoja na baruti yake. Zile gololi ndogo ndogo zilizomo ndani nitaziita marisaa, na moja yake nitaiita punje.

Hatua ya 1. Soma namba zilizochongwa ubavuni mwa mtutu: ya kwanza ni geji, yaani upana wa mtutu (12, 20 na kadhalika; namba ikipanda, mtutu na risasi yake huwa vyembamba zaidi), ya pili ni urefu wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kwa inchi.

Hatua ya 2. Nunua risasi ambazo urefu wake haupiti urefu wa chemba. Usipime kwa kuona kama risasi inaingia, kwa sababu urefu ulioandikwa kwenye kisanduku ni wa ganda lililokwisha kufunguka mdomo baada ya kufyatuliwa. Risasi ya inchi 3 ambayo haijapigwa huingia bila taabu katika chemba ya inchi 2¾, kisha mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka na mgandamizo hupanda kupita kiasi ambacho bunduki ilitengenezewa.

Hatua ya 3. Beba geji moja tu mfukoni. Katika msimu wangu wa pili jirani aliniazima koti lake zito la kuwindia kwa sababu langu lilikuwa jepesi, nami nikatia risasi zangu za geji 12 katika mifuko yake bila kuikung’uta kwanza. Yeye alikuwa akitumia geji 20, na mojawapo ilikuwa imebaki chini kabisa mfukoni. Nilikuwa nimevaa glavu, baridi ilikuwa kali, nikachukua risasi bila kuitazama, nikaitia na kufunga bunduki. Jogoo aliporuka kutoka kwenye nyasi nilivuta kifyatulio nikasikia “ta!” peke yake. Nikafungua, nikakuta chemba tupu, nikaamini kwamba nilisahau kujaza, na tayari nilikuwa nimeshika risasi ya geji 12 kuitumbukiza wakati mzee niliyefuatana naye aliponishika mkono akaniambia nitazame kama mwanga unapita katika mtutu. Haukupita. Risasi ya geji 20 ilikuwa imeteleza ikapita chemba na kukwama mbele yake, mahali mtutu unapoanza kuwa mwembamba. Ningetia ile ya geji 12 nyuma yake ingeingia vizuri, bunduki ingefungika vizuri, na mtutu ungepasukia pale hasa ulipokuwa mkono wangu wa kushoto. Ninaandika kwa vidole kumi kwa sababu mzee yule alikuwa macho.

Kwa hiyo, tafadhali sana: kung’uta mifuko ya koti kabla ya kutoka nyumbani, liwe lako au la kuazima. Hapa Marekani maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano ili yatambulike, lakini usiiachie rangi peke yake kazi hiyo. Soma namba iliyoandikwa kwenye kitako cha shaba. Bunduki ikikataa kulia, ielekeze mahali salama, hesabu hadi thelathini, fungua, na usitie risasi nyingine kabla hujauona mwanga ukipita mtutu mzima. Ukiona giza, siku yako ya kuwinda imekwisha. Mpelekee fundi wa bunduki. Nyumba yenye geji mbili iweke kila moja katika mfuko wake na kabati lake.

Hatua ya 4. Chagua namba ya marisaa. Namba inavyopanda, punje inavyopungua. Kwa vipimo vya Marekani hesabu yake ni nyepesi: toa namba hiyo katika 17, kisha ugawe kwa 100, nawe utapata kipenyo cha punje kwa inchi. Namba 6 ni inchi 0.11, namba 4 ni inchi 0.13. Aunsi moja ya marisaa ya madini ya risasi hubeba punje zipatazo 225 za namba 6, au 170 za namba 5, au 135 tu za namba 4. Hapo ndipo ulipo uamuzi wote: punje nyingi huujaza mtawanyiko ndege asipate upenyo wa kupita, lakini punje kubwa hutunza nguvu mbali na kupenya. Fezanti kwa kawaida huruka akikupa mgongo, hivyo punje hulazimika kupita manyoya, mifupa na matumbo kabla ya kufika penye uhai. Mwanzoni mwa msimu, ndege wachanga wakiruka karibu, mimi hutumia namba 6. Kuanzia Desemba, waliobaki wamekwisha kuwa wajanja na huruka mbali, hivyo hupanda hadi namba 5. Namba 7½ na 8 ni za kware na njiwa. Fezanti aliyepigwa nazo kwa mbali huenda zake akiwa na jeraha, akafie kwenye matete ambako hata mbwa hamfikii. Huo ni upotevu wa nyama na ni mateso kwa ndege, nami siwezi kuunyamazia.

Hatua ya 5. Jua unawinda ardhi ya nani. Kwa bata na mabata bukini, marisaa ya madini ya risasi yamepigwa marufuku Marekani nzima tangu 1991 kwa sababu huwatia ndege sumu, na katika maeneo yenye kibao cha Waterfowl Production Area (ardhi ya serikali kuu iliyotengwa kwa ajili ya ndege wa majini) marufuku hiyo inamhusu hata mwindaji wa fezanti. Kosa ni kuwa nayo, si kuyapiga tu. Yakikutwa mfukoni inatosha. Maeneo mengine ya serikali ya jimbo yana masharti kama hayo, kwa hiyo soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huo. Mbadala wa bei nafuu ni chuma. Kwa kuwa chuma ni chepesi (gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11.3 za madini ya risasi), ongeza ukubwa kwa namba mbili: aliyezoea namba 6 achukue namba 4 ya chuma, aliyezoea namba 4 achukue namba 2.

Hatua ya 6. Kwa geji 12, aunsi 1⅛ hadi 1¼ za marisaa zinatosha. Kwa geji 20, aunsi moja.

Hatua ya 7. Piga karatasi kabla ya kumpiga ndege. Tandika karatasi pana, simama yadi 40, piga mara moja, kisha chora duara la inchi 30 palipo na mashimo mengi na uyahesabu. Choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, ndiyo inayoamua: ile iliyobana kabisa hutarajiwa kuingiza kama asilimia 70 ya punje katika duara hilo, ya wastani asilimia 60, iliyobana kidogo asilimia 50. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kuipenda risasi moja kwa namna tofauti, na hakuna kisanduku kitakachokuambia hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Des Moines: Kaka, niko dukani sasa hivi, niambie jina la kampuni tu, nina haraka.

Jibu: Soma mtutu, kisha hatua ya 2 na ya 4. Kampuni sitaitaja. Kama una haraka, nunua kesho.

Mwanachama wa Omaha: Namba kubwa si ndiyo yenye nguvu zaidi? Nimechukua namba 8 visanduku vinne.

Jibu: Hapana. Hatua ya 4, sentensi ya pili. Vitunze visanduku hivyo kwa ajili ya njiwa.

Mwanachama wa Sioux Falls: Mwalimu, unawatisha watu bure. Mimi natumia magnum, ile risasi nzito, ya inchi 3 kwa kila ndege na sijawahi kupata tatizo.

Jibu: Ndugu yangu, kama chemba yako ni ya inchi 3 hujavunja kanuni yoyote, na sikuandika kwamba umevunja. Nilichoandika ni kuhusu chemba fupi. Tatizo la risasi nzito ni bega: mtu anayeliogopa teke la bunduki hufumba macho na kuuvuta mtutu kando kabla ya kufyatua, na wanaoanza hujifunza kasoro hiyo upesi sana. Wapo wanaosoma hapa ambao hawajapiga hata kisanduku kimoja, na hao ndio niliowaandikia.

Mwanachama wa Minneapolis: Shikamoo, kaka. Mume wangu ndiye mwindaji, mimi ni mpishi. Mwanangu alitafuna punje akaumia jino. Nitazipataje kabla ya kupika?

Jibu: Marahaba, dada, na pole kwa mtoto. Mchune ndege ngozi, kisha mulika kifua kwa tochi kutoka upande wa pili. Utaona mikwaruzo myeusi ya damu. Fuata kila mkwaruzo kwa ncha ya kisu. Mara nyingi punje huingia na unyoya, kwa hiyo ukikuta unyoya umesokotwa ndani ya nyama, uvute polepole, na punje itakuwa mwisho wake. Nyama yote iliyopondeka pale ikate uitupe, hasa kama marisaa ni ya madini ya risasi, kwa sababu huacha vipande visivyoonekana ambavyo havifai kwa watoto na mama mjamzito. Kama ni ya chuma, pitisha sumaku yenye nguvu juu ya minofu iliyokatwa nyembamba. Kwa jiko lako ningemshauri mzee atumie chuma.

Mwanachama wa Cedar Rapids: Nimepewa bunduki ya zamani ya mitutu miwili. Nipige chuma?

Jibu: Usipige mpaka fundi aipime chemba na choki. Chuma hakibonyei kama madini ya risasi, na kinaweza kuharibu mtutu wa zamani uliobana mdomoni. Uliza habari za bismuthi: ni laini zaidi, na uzito wake uko katikati. Bei yake ni kubwa, lakini bunduki ya urithi hainunuliki tena.

Mwanachama wa Singida: Salamu kutoka nyumbani. Hapa tunapata risasi za Ulaya, na nina leseni ya kanga. Namba zako zinatufaa?

Jibu: Swali zuri sana, na ahsante kwa kuliuliza. Usizihamishe namba zangu moja kwa moja. Namba 6 ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 2.6, wakati namba 6 ya Kimarekani ni milimita 2.8, ambayo kwa Waingereza ni namba 5. Wewe soma milimita kwenye kisanduku. Kanga ni mgumu na hupenda kukimbia kabla ya kuruka, hivyo ningeanzia milimita 2.8 na kupanda hadi 3. Kwale wanahitaji punje ndogo zaidi.

Mwanachama wa Waterloo: Nimefanya hatua ya 7. Geji 20, aunsi moja, namba 6, choki iliyobana kidogo, yadi 40. Nimehesabu mara mbili: mashimo 104 ndani ya duara. Ni mabaya?

Jibu: Si mabaya hata kidogo. Punje 104 katika 225 ni asilimia 46, karibu na choki hiyo inavyotarajiwa. Sasa rudi yadi 30 upige karatasi nyingine, kisha ufunge choki ya wastani upige tena kwa yadi 40. Andika namba zote tatu kwa kalamu juu ya kisanduku, na mpaka uwe umezipata, usimpige ndege aliyepita yadi 30.