Somo: Kuanza kujifunza kuimba na mwalimu wako mwenyewe

Hapa Tanga, mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, wengi tumejifunzia kuimba kwenye kwaya, kaswida au kikundi cha taarab. Kundini kosa lako hufunikwa na sauti za wenzio. Ukiwa peke yako na mwalimu linasikika lote, kwa hiyo upole wa mwalimu ni nusu ya kazi: mwenye hofu hukaza shingo na taya, na koo lililokazwa halitoi sauti.

Hatua ya 1. Ulizia kwa viongozi wa kwaya na wapiga kinanda. Omba kipindi kimoja cha majaribio, na bei mpatane mapema. Anayekucheka, au anayekulazimisha upandishe sauti juu huku koo linauma, muage kwa adabu.

Hatua ya 2. Kipindi cha kwanza, nenda na wimbo unaoupenda, usiwe mgumu. Mwalimu mzuri atakusikiliza kwanza, atafute sauti yako inakaa wapi, kisha aushushe au aupandishe wimbo ukufuate wewe. Omba ruhusa umrekodi kwa simu.

Hatua ya 3. Pumzi. Hapa msiwe na haraka, hata mkimaliza wiki kadhaa. Lala chali, weka mkono tumboni, vuta hewa mpaka mkono uinuke huku mabega yametulia. Itoe polepole kwa “sss” isiyotetereka. Ikikatika ghafla, umeisukuma mno. Ukizoea, fanya hivyo umesimama, kisha badilisha “sss” iwe “aaa”.

Hatua ya 4. Vumisha sauti kupitia mrija wa soda, ukipanda na kushuka taratibu. Mgandamizo wa hewa unaorudi nyuma kutoka kwenye mrija huzipunguzia nyuzi za sauti mzigo. Mimi nalipenda zoezi hili kuliko yote, maana hata mwenye aibu hulifanya bila kuogopa majirani.

Hatua ya 5. Nyumbani, dakika 10 au 15 kila siku zinatosha. Ukisikia maumivu, acha.

MASWALI YA WANACHAMA (kwa mtaa wanaotoka)

Makorora: Shikamoo mwalimu. Ni kweli mayai mabichi yanalainisha sauti?
Jibu: Marahaba. Hapana. Chakula hupita kwenye umio, yaani njia ya chakula; nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, hayazigusi. Kunywa maji tangu asubuhi, usingoje saa ya kuimba.

Chumbageni: Sauti yangu imekwaruza karibu mwezi mzima. Niendelee na mazoezi?
Jibu: Simama kwanza, ndugu yangu. Ukwaruzo ukizidi wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo. Mwalimu wa kuimba hawezi kuziona nyuzi zako.

Ngamiani: Mwanangu ana miaka 14, sauti inavunjika katikati ya wimbo. Nimwachishe?
Jibu: Usimwachishe, mama. Zoloto lake, yaani kisanduku cha sauti kooni, linakua na nyuzi zinarefuka. Mwambie mwalimu amwimbishe noti chache za katikati, bila kupaza sauti, na wenzake wasimcheke. Baada ya miezi michache mpimeni upya, huenda akahamia besi, sauti nzito ya chini.