Jinsi ya kuwasaka mbu majini kabla hawajaruka

Mbu waenezao maradhi si wa aina moja, na kinachommaliza mmoja huenda kisimguse mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, funga kopo jeupe la kama mililita 350 kwenye mpini mrefu, uende ukayachunguze maji.

Sogea polepole ukiwa umelielekea jua, ili kivuli chako kibaki nyuma. Kivuli kikiangukia maji, viluwiluwi, yaani watoto wa mbu, huzama papo hapo, na mtu mwenye haraka huondoka akiamini hakuna kitu. Vikizama, subiri dakika mbili tatu. Lazima vipande juu kuvuta hewa. Inamisha kopo kwa nyuzi 45 na uchote pembezoni, penye majani na takataka, maana katikati ya maji huwa ni vichache. Chota mara kumi, kila mara mahali tofauti.

Sasa tazama kilichomo. Kiluwiluwi kinacholala bapa chini ya uso wa maji ni cha Anofelesi, mbu wa malaria. Kinachoning'inia kichwa chini, kikipumua kwa mrija wa mkiani, ni cha Kuleksi au Aedesi. Mrija mrefu mwembamba ni wa Kuleksi, anayeeneza matende na mabusha na kupenda maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Mrija mfupi mnene ni wa Aedesi, mbu mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kuleta dengue, chikungunya na homa ya manjano. Yeye huzaliana kwenye mapipa, matairi, makopo, sahani za vyungu vya maua na mifereji ya paa.

Penye joto, yai huwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Ndiyo sababu vyombo humwagwa kila wiki, siku ileile. Ukichelewa siku tatu tu, kizazi kizima kinaweza kuwa kimesharuka. Lakini kwa Aedesi kumwaga peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kazi nyingi hupotea bure. Jike hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo meusi madogo hustahimili ukavu kwa miezi, kisha huanguliwa maji yakiyafikia tena. Sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu, hasa pale palipo na alama ya maji, suuza, na umwage kila kitu kwenye ardhi kavu, si mtaroni.

Maji ya akiba yasiyoweza kumwagwa yafunike kabisa. Kifuniko kilichokaa upande ni kibaya, kwani kinampa mbu kivuli na mlango. Wavu utumike tu ukiwa na matundu yasiyozidi milimita 1.5, tena uvutwe usibonyee ukashika maji ya mvua. Pale mamlaka ya afya inaporuhusu temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, kwenye maji ya kunywa, kipimo cha chembechembe za asilimia 1 ni gramu 10 kwa lita 100, yaani gramu 20 kwa pipa la lita 200. Usiongeze.

Bakteria aitwaye Bti, anayetiwa majini kama dawa ya kuua viluwiluwi, ni silaha nzuri sana, ila lazima kiluwiluwi amle. Pupa, yaani viluwiluwi waliokwisha kugeuka na kukaribia kuwa mbu, wale wenye umbo la alama ya mkato (,) wanaobiringika wakiguswa, hawali chochote, hivyo dawa haiwapati. Kwenye maji yenye uchafu mwingi Bti huisha nguvu upesi. Kwa choo cha shimo chenye maji, tandaza chembe za polistireni, ile plastiki nyepesi inayoelea, hadi zifunike uso wote kwa unene wa sentimita moja au zaidi: mbu hapati pa kutagia, na viluwiluwi hukosa hewa. Makunduchi, Zanzibar, mbinu hii ilitumika miaka ya 1980 sambamba na dawa ya matende kwa wakazi. Mtaroni haifai, maana maji yatazibeba.

Madimbwi yanayopigwa na jua, hata nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, ni makao ya Anofeles gambiae. Yafukie au yatoboe njia ya maji. Ila usidhani pipa liko salama na malaria. Anofeles stephensi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Jibuti mwaka 2012 na tangu hapo amejitokeza katika nchi nyingine za Afrika. Huyu huzaliana kwenye matangi ya mijini. Ukikuta viluwiluwi waliolala bapa ndani ya tangi, weka wachache kwenye chupa na uwapeleke kwa afisa wa afya.

Siku mbili baada ya kutia Bti, chota tena. Ukikuta pupa tu, walikuwapo kabla ya dawa. Wachuje kwa kitambaa. Ukikuta viluwiluwi wadogo hai, kipimo kilikuwa kidogo au dawa imepitwa na wakati.